Daktari John Snow na Mpini wa Pampu

Kila masika yanapoingia husikika tena habari za kipindupindu. Twaambiwa tuchemshe maji, tunawe mikono, tuchimbe vyoo mbali na visima. Maneno haya tumeyazoea hata wengine hawayasikii tena. Lakini ulikuwako wakati ambapo hapakuwa na mtu wa kuyasema, kwa maana waganga wenyewe hawakujua ugonjwa huu unapita njia gani. Aliyeitafuta njia hiyo mpaka akaionyesha ni Daktari John Snow wa Uingereza. Katika kazi yake alisaidiwa na padri kijana wa kanisa letu la Anglikana, ambaye mwanzoni hakukubaliana naye hata kidogo. Habari zao zafaa kujulikana na kila mwenye kisima na kila mwenye watoto.

UTOTO NA MAFUNZO YAKE

John Snow alizaliwa tarehe 15 Machi 1813 katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, William, alikuwa kibarua katika bohari la makaa ya mawe. Walikuwa watoto tisa, na John ndiye kifungua mimba. Nyumba yao ilikuwa karibu na mto Ouse, katika mtaa wa watu wa hali ya chini. Hata hivyo wazazi wake walijinyima ili mtoto apate kusoma.

Mwaka 1827, akiwa na miaka 14, alipelekwa mji wa Newcastle awe mwanagenzi wa daktari mmoja aitwaye William Hardcastle. Siku zile wengi walijifunza udaktari kama vile mtu ajifunzavyo uashi au useremala, yaani kwa kukaa na fundi na kutazama mikono yake.

Alipokuwa na miaka 18, kipindupindu kilifika Uingereza kwa mara ya kwanza. Ugonjwa huu ulikuwa wa zamani huko Bara Hindi, lakini tangu mwaka 1817 ulianza kusafiri pamoja na majeshi, wafanya biashara na mabaharia. Mwaka 1831 uliingia katika bandari ya Sunderland, kisha ukafika Newcastle. Mtu aliamka mzima, adhuhuri akaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, jioni macho yakadidimia na misuli ikakaza, na mara nyingi kabla ya mapambazuko amekufa.

Hardcastle alimtuma kijana huyu kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Killingworth kuwahudumia wachimbaji. Dawa za kuwaponya hakuwa nazo, wala hakuna aliyekuwa nazo. Lakini alitazama. Aliona kwamba wachimbaji walishinda chini ya ardhi saa nyingi, hawakuwa na choo huko wala maji ya kunawa, na chakula chao walikila kwa mikono ile ile. Jambo hili lilikaa moyoni mwake miaka mingi.

Mwaka 1836 alikwenda London kuendelea na masomo, na sehemu kubwa ya safari hiyo alikwenda kwa miguu. Alipata vyeti vyake mwaka 1838, na mwaka 1844 akapata shahada ya juu ya udaktari. Alikuwa mtu mkimya, mwenye sauti ya kukwaruza, asiyependa makuu. Hakuoa. Pombe aliiacha tangu ujana wake, na kwa miaka mingi hakula nyama.

DAKTARI WA NUSUKAPUTI

Wakati wa uhai wake watu hawakumjua kwa habari ya maji, bali kwa nusukaputi. Mwishoni mwa mwaka 1846 ilifika habari kutoka Marekani kwamba mgonjwa akivuta etha hulala, naye hupasuliwa bila kusikia maumivu. Madaktari wengi walikimbilia jambo hili bila kipimo, na hatari zikawa nyingi. Snow yeye alikaa akapima: kiasi gani cha dawa, kwa joto gani la hewa, kwa muda gani. Akatengeneza chombo chake cha kuvutia, na mwaka 1847 akatoa kitabu. Baadaye alifanya vivyo hivyo kwa klorofomu.

Mwaka 1853 aliitwa kumpa Malkia Victoria klorofomu alipokuwa akijifungua mwanawe Leopold, na mwaka 1857 aliitwa tena alipozaliwa Beatrice. Walikuwapo watu waliosema kuwa mwanamke hana ruhusa ya kupunguziwa uchungu wa uzazi. Malkia alipokubali, maneno hayo yalipungua nguvu.

Kazi hii ilimfundisha Snow tabia ya hewa na mivuke. Alijua kuwa mvuke ukitoka mahali pake hutawanyika na kupoteza nguvu upesi. Kwa hiyo alianza kuitilia shaka imani kubwa ya zama zake.

HEWA CHAFU AU MAJI?

Imani hiyo ilikuwa hii: magonjwa ya mlipuko huletwa na uvundo. Palipo na harufu mbaya, watu waliamini, pana sumu angani, na aivutaye huugua. Haikuwa imani ya wajinga. Wakuu wa afya waliishika, akiwamo Edwin Chadwick aliyepigania sana usafi wa miji.

London wakati huo ilikuwa na watu zaidi ya milioni mbili. Chini ya nyumba nyingi palikuwa na mashimo ya kinyesi, mengine yamejaa mpaka juu. Wakuu wakaamuru mashimo hayo yafunguliwe kwenye mifereji ili uvundo uondoke majumbani. Mifereji ilimwaga uchafu wote katika mto Thames, na kampuni za maji zilivuta maji ya kunywa katika mto ule ule. Hivyo, kwa kukimbia harufu, walilinywesha jiji zima uchafu wake. Kipindupindu cha mwaka 1848 na 1849 kiliua watu zaidi ya 14,000 London peke yake.

Snow aliuliza swali jepesi. Ikiwa ugonjwa huu huingia kwa kuvuta hewa, mbona huanza tumboni wala si kifuani? Na mbona hupiga nyumba moja ukaruka ya pili, hali hewa yao ni moja? Alisema lazima iwe ni kitu kinachomezwa, kitokacho katika kinyesi cha mgonjwa, kinachoongezeka ndani ya utumbo wa mtu, na kinachopita kwa mikono michafu na kwa maji. Aliyaandika hayo mwaka 1849 katika kijitabu alichokichapa kwa gharama yake. Waliokisoma wengi walisema ni dhana tu, hana ushahidi.

Basi akaanza kuutafuta ushahidi. Sehemu ya kusini ya London ilihudumiwa na kampuni mbili za maji, na mabomba yao yalipita katika mitaa ile ile, nyumba hii ya kampuni moja, jirani yake ya nyingine. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamisha mahali pake pa kuvutia maji mwaka 1852, ikapanda juu ya mto ambako uchafu wa jiji haukufika. Kampuni ya Southwark na Vauxhall iliendelea kuvuta maji machafu pale Battersea. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1854, Snow alikwenda nyumba kwa nyumba penye kifo akiuliza maji yao ni ya nani. Wapangaji wengi hawakujua. Kwa hao alichukua maji kidogo akayatia nitrati ya fedha: maji ya Battersea, yaliyokuwa na chumvi nyingi, yalifanya wingu jeupe zito, na yale mengine hayakufanya hivyo.

Katika majuma saba ya kwanza hesabu ilikuwa hivi: kwa kila nyumba 10,000 za Southwark na Vauxhall walikufa watu 315, na kwa kila nyumba 10,000 za Lambeth walikufa 37. Hewa yao ilikuwa moja. Maji yao hayakuwa sawa.

KISIMA CHA BROAD STREET

Kabla hajamaliza kazi ya kusini, msiba ulitokea karibu na nyumbani kwake, katika mtaa wa Soho. Usiku wa tarehe 31 Agosti 1854 ugonjwa ulilipuka kwa nguvu isiyo na mfano. Katika siku tatu walikufa watu 127 kwenye barabara ya Broad Street na kando kando yake. Wengine waliacha nyumba zao wakakimbia. Hadi mwisho waliokufa walikuwa 616.

Katikati ya barabara hiyo palikuwa na kisima chenye pampu ya mkono. Maji yake yalisifiwa kwa kuwa maangavu na ya baridi, hata watu wa mbali waliyapenda kuliko ya pampu zao wenyewe. Snow aliyatazama kwa hadubini na hakuona jambo la kumtosha. Basi akaenda kwenye ofisi ya kuandikisha vifo akapewa orodha ya watu 83. Alipoifuata akakuta karibu wote walikaa jirani na pampu ile. Ni 10 tu waliokuwa karibu zaidi na pampu nyingine, na katika hao, jamaa za watano walisema huleta maji ya Broad Street kwa kuyapenda, na watatu wengine walikuwa watoto waliosoma shule karibu na pale.

Kisha akawatafuta walionusurika. Karibu na hapo palikuwa na nyumba ya maskini yenye watu 535, na waliokufa ni watano tu. Nyumba ile ilikuwa na kisima chake. Kiwanda cha bia kilichokuwa Broad Street kilikuwa na vibarua zaidi ya 70, wala hakufa hata mmoja, kwa kuwa walinywa bia na kuacha maji ya pampu. Mbali kabisa, upande wa Hampstead, alikufa mjane mmoja ambaye hakuwa amefika Soho kwa miezi. Wanawe walikuwa na kiwanda Broad Street, na kila siku walimpelekea chupa ya maji ya pampu ile kwa sababu aliyapenda. Mpwa wake wa kike aliyemtembelea akanywa maji hayo naye akafa, ingawa mtaani kwake hapakuwa na ugonjwa.

Jioni ya tarehe 7 Septemba Snow alikwenda mbele ya baraza la parishi ya St James akawaeleza. Wazee wale hawakuamini yote, lakini kesho yake, tarehe 8, waliamuru mpini wa pampu ung'olewe. Ni kweli kwamba wakati huo ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua, kwani wengi walikuwa wamekufa au wamekimbia. Lakini kuna jambo ambalo Snow mwenyewe hakulijua siku ile. Aliyelivumbua alikuwa padri.

PADRI HENRY WHITEHEAD

Padri Henry Whitehead alikuwa na miaka 28, msaidizi katika kanisa la St Luke, Berwick Street, hatua chache kutoka pampu ile. Siku za msiba alikesha akienda kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mgonjwa. Aliposikia maneno ya Snow aliyakataa. Alikuwa ameona watu wake wakinywa maji yale na kupona, na alitaka kuonyesha kuwa daktari amekosea. Parishi ilipounda kamati ya uchunguzi mwezi Novemba, naye akawamo.

Snow alikuwa mgeni katika nyumba zile, lakini Whitehead alikuwa mchungaji wao. Alijua nani aliishi chumba kipi, nani alifiwa, nani alihama. Alirudi nyumba moja mara nne na mara tano, akauliza saa ya ugonjwa kuanza na maji yaliyonywewa. Hata vikongwe walioishi peke yao aliwauliza, akaona kwamba baadhi yao walipona kwa sababu hawakuwa na mtoto wa kumtuma pampuni. Hesabu yake ilimshinda yeye mwenyewe: katika Broad Street, waliokunywa maji yale waliugua zaidi ya nusu yao, na wasiokunywa hawakufika hata mmoja katika kumi.

Kisha akiwa anapitia daftari la vifo aliona jina la mtoto mchanga, aliyekufa tarehe 2 Septemba katika nyumba namba 40, mbele ya pampu. Mtoto huyo alianza kuharisha tarehe 28 Agosti, kabla ya wengine wote. Alikwenda kwa mama yake. Mama akasema kwamba nepi za mtoto alizifua kwenye ndoo, na maji hayo akayamwaga katika shimo la uchafu la mbele ya nyumba. Shimo likachimbuliwa. Umbali wake na kisima ulikuwa chini ya mita moja, na matofali ya pande zote mbili yalikuwa yamelegea, uchafu ukipenya udongoni.

Haikuishia hapo. Baba wa mtoto, aliyekuwa askari polisi, aliugua kipindupindu tarehe 8 Septemba, siku ile ile mpini ulipong'olewa. Mkewe akaanza tena kumwaga uchafu katika shimo lile, mpaka mumewe alipokufa tarehe 19. Kama pampu ingalikuwa ikifanya kazi, ugonjwa ungaliingia kisimani mara ya pili. Hivyo mpini ule, ambao wengi walidhani umeng'olewa bure, yaelekea uliokoa maisha ya wengi.

Whitehead aliandika waziwazi kwamba Snow alikuwa na haki. Tangu hapo wakawa marafiki.

UCHAFU UNAONUKA NA USIONUKA

Mwaka 1855 Snow aliitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyotaka kuvibana viwanda vyenye uvundo, kama vya kuchemsha mifupa na vya sabuni. Alisema uvundo wao hauleti magonjwa ya mlipuko. Gazeti kubwa la madaktari, The Lancet, lilimshambulia kwa ukali. Katika habari ya kipindupindu, Snow ndiye aliyekuwa na haki.

Lakini yatupasa kuongeza neno tulilojifunza baada yake. Uchafu wa hewa nao una madhara yake, ingawa si kwa njia waliyoidhani. Mwezi Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe uliifunika London siku tano, na watu kama 4,000 walihesabiwa kufa. Uchunguzi wa baadaye umesema walikuwa wengi zaidi ya hao. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha huharibu mapafu ya mama na ya mtoto aliye mgongoni. Snow mwenyewe aliandika mwaka 1857 kwamba huenda shabu iliyochanganywa katika mkate ndiyo ilileta matege kwa watoto wa London. Leo twajua kuwa sababu kubwa ya matege ni kukosa jua, na mji ule uliokuwa umefunikwa na moshi ulilikosa. Kila uchafu una njia yake ya kuingia mwilini, na ni lazima njia hiyo ichunguzwe kabla ya kuifunga.

KIFO CHAKE NA YALIYOFUATA

Tarehe 10 Juni 1858, akiwa anaandika kitabu chake juu ya klorofomu na dawa nyingine za usingizi, Snow alipatwa na kiharusi. Alifariki tarehe 16 Juni, mwenye umri wa miaka 45, akazikwa katika makaburi ya Brompton. Wakuu wa afya walikuwa bado hawajamkubali.

Kiangazi kile kile mto Thames ulinuka hata wabunge wakashindwa kukaa. Wakatoa fedha za mifereji mikubwa, naye mhandisi Joseph Bazalgette akaijenga. Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi upande wa mashariki wa London, ambako mifereji haikuwa imekamilika na maji ya kampuni moja yalikuwa machafu. William Farr, mtaalamu wa hesabu za vifo ambaye zamani aliamini uvundo, safari hii alikiri kuwa ni maji. Kijidudu chenyewe kilikuwa kimekwisha kuonwa na Filippo Pacini wa Italia mwaka 1854, lakini hakusikilizwa. Robert Koch wa Ujerumani alikithibitisha mwaka 1884.

Pwani yetu nayo ilionja msiba huu. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kilishuka kwa njia za misafara ya bara hadi Pangani, kikavuka hadi Unguja na kuua watu wengi sana. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati huo, alifuata nyayo za ugonjwa kutoka mji hadi mji, akatoa kitabu mwaka 1876.

Padri Whitehead aliishi hadi mwaka 1896, akitumikia miaka yake ya mwisho kaskazini mwa Uingereza. Picha ya Snow ilikaa mezani pake. Barabara ya Broad Street sasa huitwa Broadwick Street, na hapo imesimamishwa pampu isiyo na mpini. Karibu nayo pana kilabu cha pombe chenye jina la John Snow, yeye aliyeiacha tangu ujana wake.

NENO KWETU

Ndugu, maji ya Broad Street yalikuwa maangavu na matamu. Kwa hiyo tusiyapime maji kwa macho wala kwa ulimi. Tuyachemshe, na tuyahifadhi katika chombo chenye kifuniko. Choo kiwe mbali na kisima, si chini ya mita 30, na upande wa chini wa mteremko. Nepi za mtoto anayeharisha zisifuliwe karibu na kisima, na maji yake yamwagwe chooni. Tunawe mikono kwa sabuni tutokapo chooni na kabla ya kula.

Mtu akishikwa na kuharisha, asicheleweshwe kupelekwa zahanati. Njiani anyweshwe kidogo kidogo lita moja ya maji safi yaliyotiwa vijiko vidogo 6 vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Snow hakuwa na dawa hii, nasi tunayo. Siku hizi kipindupindu kikitibiwa mapema, wanaokufa ni wachache sana, hawafiki mmoja katika mia.

Na wazee wa kanisa watakapokaa kikao, wasione haya kuuliza habari za visima na vyoo vya mtaani. Baraza la parishi ya St James liliuliza, likang'oa mpini hata kabla ya kuamini yote.